Mkalimani wa Chini ya Meza

Tarehe 9 Desemba 2021, habari zilienea kwamba kwenye seva za Minecraft kuna mstari mmoja wa maneno ambao ukiuandika pale wachezaji wanapopigia soga, kompyuta inayoendesha mchezo inaanza kukutii. Mstari wenyewe ulikuwa mfupi: alama ya dola, bano lenye mkunjo, neno moja la kiufundi, kisha anwani ya mahali fulani mtandaoni. Aliyeuandika hakuhitaji nywila ya mtu, wala hakuvunja mlango wowote. Aliandika tu, kama wewe unavyomwandikia mwenzako, "Njoo tujenge daraja huku."

Mtoto wa kaka yangu alikuwa na miaka kumi. Alikuwa amekuja kwangu likizo, na mchezo huo ndio aliokuwa akiamka nao na kulala nao. Kampuni ya Mojang ya kule Sweden, inayoutengeneza, ilitoa toleo jipya siku iliyofuata, tarehe 10. Mtoto akabonyeza, akasubiri kidogo, akarudi kujenga nyumba zake. Mimi usiku ule nilirudi nyumbani saa sita. Kesho yake vilevile, na keshokutwa vilevile. Siku ya nne akanisubiri mlangoni.

"Shangazi, sisi tumemaliza kwa dakika tano. Nyinyi watu wazima mnafanya nini huko ofisini siku nne zote?"

Swali lile lilinichoma, maana alikuwa na haki ya kuuliza. Nilimjibu tukiwa tumekaa barazani, na nilivyomjibu ndivyo ninavyowajibu na nyinyi leo.

Tuanze na karani. Kila programu kubwa, iwe ya mchezo au ya benki, ina daftari la matukio. Fulani ameingia saa mbili na dakika tano. Fulani amekosea nywila. Fulani ameandika kwenye soga maneno haya na haya. Mambo yakiharibika, mafundi hufungua daftari hilo na kurudi nyuma hatua kwa hatua mpaka waone palipoanzia. Watengenezaji wengi wa programu hawaandiki karani wao wenyewe. Humchukua aliyekwisha kuandikwa na watu wengine, na mmoja wa waliopendwa sana katika ulimwengu wa lugha ya Java anaitwa Log4j. Anatolewa bure na taasisi iitwayo Apache Software Foundation, na waliomtunza wakati huo walikuwa watu wa kujitolea, wenye kazi zao nyingine za mchana.

Mwaka 2013 karani huyu aliongezewa uwezo mpya, na waliomwongezea walikuwa na nia njema kabisa. Akikuta kwenye maneno ile alama ya dola na bano, asiyaandike kama yalivyo. Aende kwanza kwenye anwani iliyotajwa, alete kitu kilichoko huko, ndipo aandike. Sasa fikirini karani wa shule yenu anayeandika barua za wazazi kwenye daftari. Siku moja anakuta barua imeandikwa, "Nenda nyumba ya tatu mtaa wa pili, chukua mzigo utakaopewa, uufungue ndani ya ofisi ya mwalimu mkuu." Akaacha kalamu, akaenda, akaubeba, akaufungua. Hakujiuliza barua imetoka kwa nani. Kasoro yote ilikuwa hiyo: karani aliyatii maneno aliyopaswa kuyanakili tu.

Aliyeigundua na kuwaambia Apache kimyakimya, tarehe 24 Novemba 2021, alikuwa Chen Zhaojun, mtaalamu wa usalama katika Alibaba Cloud huko China. Ilipofika hadharani watu waliipa jina Log4Shell. Ubaya wa kasoro za programu hupimwa kwa alama, na alama ya juu kabisa ni 10. Hii ilipewa 10. Haikuhusu mchezo peke yake, kwa sababu karani yuleyule alikuwa ameajiriwa kwenye mahospitali, mashirika ya ndege, mabenki na wizara. Kabla ya mwezi kwisha, Wizara ya Ulinzi ya Ubelgiji ilitangaza kwamba wavamizi wamepita kwenye mwanya huohuo.

Dawa ilitoka upesi, toleo jipya la karani lisilotii maneno ya wageni. Hapo ndipo mtoto aliponishika.

"Basi si mngeiweka?"

Ili nimjibu ilibidi nimwonyeshe mtu mwingine, yule ambaye nyinyi hamumwoni kabisa mnapocheza. Mimi humwita mkalimani.

Kompyuta haielewi Java. Inaelewa lugha yake ya mashine, na kila aina ya kompyuta ina lahaja yake. Mwaka 1995 kampuni ya Sun Microsystems ya Marekani ilitoa lugha hii iliyobuniwa na James Gosling na wenzake. Kwanza waliiita Oak, jina la mti uliokuwa nje ya ofisi ya Gosling, ila jina hilo lilikuwa na mwenyewe, ndipo wakachagua Java, kahawa ya kile kisiwa cha Indonesia. Ahadi yao kubwa ilikuwa kwamba programu uiandike mara moja, nayo iende kwenye kompyuta yoyote. Siri ya ahadi hiyo ni mkalimani. Katika kila kompyuta unaweka programu nyingine, inayokaa katikati. Yeye anasoma Java upande huu, anazungumza na mashine upande wa pili. Wewe mwenye programu huhitaji kujua mashine inasema lahaja gani, ilimradi mkalimani yupo.

Lakini mkalimani naye ana umri. Lugha inakua, inapata maneno mapya, na kila baada ya muda hutoka mkalimani mpya anayeyajua. Java 6 ilitoka Desemba 2006, Java 7 mwaka 2011, Java 8 mwaka 2014. Programu iliyotayarishwa kwa ajili ya Java 8 ukimpa mkalimani wa Java 6, haisomi hata mstari mmoja. Anaikataa mlangoni.

Anajuaje? Hapa pana jambo ninalolipenda mno. Kila faili la Java lililotayarishwa linaanza na alama zilezile, tangu zamani hadi leo. Mafundi husoma mafaili kwa hesabu ya kumi na sita, ambayo baada ya 9 huendelea na A, B, C, D, E, F. Ukilifungua faili kwa namna hiyo, alama nane za kwanza zinasomeka CAFEBABE. Waliotunga lugha ya jina la kahawa waliandika mkahawa kwenye kizingiti cha kila faili! Baada ya hizo zinakuja sufuri nne, ambazo ni sehemu ndogo ya namba ya toleo, kisha namba yenyewe. Java 6 ni 50. Java 7 ni 51. Java 8 ni 52. Mkalimani anasoma CAFEBABE, anajua hili ni la kwetu. Kisha anasoma namba. Akikuta kubwa kuliko anayoijua, anafunga mlango, anaandika kosa, basi.

Dawa ya Log4j ilikuja na namba 52.

Ofisini kwetu, chini ya meza ya mhasibu, kulikuwa na kompyuta nyeusi yenye karatasi iliyobandikwa kwa gundi ya karatasi, imeandikwa kwa kalamu nene: USIZIME. MISHAHARA. Mkalimani aliyekaa humo alikuwa wa 50.

Sitataja ofisi ile, wala hakuna haja, kwa sababu kompyuta ya namna hiyo ipo katika ofisi nyingi kuliko mnavyodhani. Nataka tu mjue ilikuwa inafanya nini. Kila mwezi ilipiga hesabu ya mishahara ya watu wote, kuanzia mkurugenzi hadi mama anayefagia ngazi na dereva anayelala kwenye gari safarini. Ilijua nani ana mkopo, nani anakatwa bima, nani amepandishwa daraja. Haikukosea hata shilingi. Na Desemba mishahara hutoka mapema, kabla ya Krismasi, kwa kuwa watu wanasafiri kwenda kwao na watoto wanasubiri nguo.

"Mbona hamkumbadilisha mkalimani?" mtoto akauliza. "Mngeweka wa 52."

Watu wengi hujibu swali hili kwa neno moja, uvivu. Mimi nilikuwepo, na ninakataa. Fundi wetu wa IT alikuwa kijana asiyelala. Alishajaribu mara mbili, kwenye kompyuta ya pembeni, mwaka mmoja kabla. Aliweka mkalimani mpya, akaiwasha programu ya mishahara, ikainuka vizuri, na kila kitu kikaonekana salama. Lakini alipochapisha hati za malipo, makato ya watu kadhaa yalikuwa yamehama safu. Programu ile, iliyoandikwa na kampuni ndogo miaka mingi nyuma, ilitegemea tabia fulani za mkalimani wa zamani, hata zile ambazo hazikuandikwa popote kwamba ni ahadi. Kurekebisha kunahitaji maandishi ya asili ya programu. Kampuni ilikwisha kufunga milango. Marekebisho yake ya mwisho kwetu yalikuwa ya 2015, na maandishi ya asili hakuna aliyejua yako kwenye diski gani.

Jambo hili si la ofisi yetu peke yake. Java 9 ilipotoka Septemba 2017, waliomtengeneza mkalimani walianza kufunga vyumba vyake vya ndani. Programu nyingi kubwa zilikuwa na mazoea ya kupita humo bila kubisha hodi, kwa kuwa miaka yote milango ilikuwa wazi. Mwaka uliofuata, Java 11 ikaondoa kabisa baadhi ya vifaa vilivyokuwa vikija na mkalimani bure. Walikuwa na sababu nzuri, maana nyumba iliyojaa milango wazi haiwezi kulindwa. Lakini mwenye programu ya zamani ghafla alikuta anatakiwa kuandika upya vitu ambavyo hakuviandika yeye. Na kila mwaka anaoahirisha, safari inarefuka. Kutoka 6 kwenda 8 ni hatua. Kutoka 6 kwenda 17 ni kuhama mji.

Wengine kati yenu mnajifunza Python, na huko mambo yalikuwa hayohayo. Python 3 ilitoka 2008, ikabadilisha hata namna ya kuandika neno kwenye skrini, kwamba sasa lazima uweke mabano. Walinzi wa lugha wakasema Python 2 itaacha kutunzwa 2015. Muda ulipokaribia wakaona watu hawajavuka, wakawaongezea miaka mitano, mpaka tarehe 1 Januari 2020. Miaka zaidi ya kumi ya kuvuka mto mmoja.

Nini hasa hutokea mkalimani asipotunzwa tena? Siku hiyo hakuna kinachovunjika, na hapo ndipo watu wanapodanganyika. Java 6 iliacha kupata marekebisho ya bure mwaka 2013. Waliolipa kampuni ya Oracle, iliyokuwa imeinunua Sun, walipata mpaka mwisho wa 2018, kisha hata wao wakakosa. Lakini asubuhi iliyofuata mkalimani wetu aliamka na kufanya kazi kama jana. Mishahara ikatoka. Mwezi uliofuata ikatoka. Nasi tukaanza kuamini kwamba kutotunzwa ni jambo la kwenye karatasi tu.

Wakati huohuo, wakalimani wengine walikuwa wanafundishwa. Tangu Oktoba 2018, waliosasisha Java 8 walipata mkalimani aliyeambiwa kwamba mzigo wa programu ukitoka kwenye anwani ya mgeni kwa njia ile iliyokuja kutumiwa na Log4Shell, usiupokee. Miaka mitatu kabla ya kasoro kujulikana! Haukuwa ulinzi kamili, maana wavamizi walipata njia za kuzunguka, lakini shambulio la kitoto, lile la mstari mmoja, mkalimani huyo alilikatalia mlangoni hata kabla karani hajatibiwa. Wetu hakuwa amefundishwa. Angeupokea mzigo kwa mikono miwili.

Kwa hiyo tulikuwa tumepungukiwa mara mbili. Hatukuwa na mlinzi ambaye wenzetu walikuwa naye, na dawa iliyokuja haikumezeka. Hii ya pili ndiyo iliyonikosesha usingizi. Kuona dawa ipo, ni ya bure, iko mkononi mwako, na mgonjwa wako hawezi kufungua kinywa.

Mtoto alikaa kimya. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Sasa mkafanyaje?"

Tulianza kwa kutafuta, na hilo peke yake lilikula siku mbili. Programu za Java huja kwenye vifurushi, na ndani ya kifurushi kunaweza kuwa na kifurushi kingine, na ndani yake kingine. Karani anaweza kuwa amefichwa kwenye tumbo la tatu, na hakuna orodha iliyosema yumo. Kijana wetu alifungua vifurushi kimoja kimoja usiku mzima. Alimpata.

Kisha tukafanya upasuaji. Apache wenyewe walikuwa wametangaza njia kwa wale wasioweza kubadilisha toleo: fungua kifurushi cha karani, tafuta faili moja tu linaloitwa JndiLookup, ambalo ndilo lenye ule uwezo wa kwenda kwenye anwani za wageni, ulitoe, ufunge tena. Faili moja. Karani anabaki anaandika, ila hajui tena kutumwa. Tulichukua nakala ya kila kitu kwanza. Mhasibu alisimama nyuma yetu amekunja mikono, hasemi neno, na nilijua anawaza watu zaidi ya mia mbili. Kijana akatoa faili, akaiwasha programu. Ikainuka. Tukachapisha hati za majaribio, tukazipitia mstari kwa mstari hadi alfajiri, safu hazikuhama. Ndipo tukachomoa waya wa mtandao kwenye kompyuta ile, na tangu siku hiyo data ikawa inapelekwa kwa mkono.

Siku chache baadaye nilisoma jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka moyo unajaa. Wale watu wa kujitolea wa Log4j, waliokuwa wanatukanwa mtandaoni na watu ambao hawakuwahi kuwalipa hata senti, walirudi nyuma. Walichukua tawi la zamani la karani, wakatayarisha toleo la 2.12.2 kwa ajili ya wenye Java 7, mkalimani ambaye marekebisho yake ya bure yalikoma Aprili 2015. Kisha, kabla ya mwaka kwisha, wakatayarisha 2.3.1 kwa ajili ya Java 6. Kwa ajili yetu, watu wa 50! Hakuna mkataba uliowalazimisha. Walijua kuna kompyuta chini ya meza mahali fulani, na watu wanaosubiri mishahara.

Mtoto mmoja mjanja aliwahi kuniuliza mbona wale waliobaki na Log4j 1, ya zamani zaidi, kasoro hiyo haikuwagusa. Ni kweli. Ule uwezo wa 2013 haukuwekwa humo, hivyo wakapona. Lakini Log4j 1 iliachwa tangu Agosti 2015, na macho ya dunia yalipogeukia makarani wote, Desemba ileile na Januari iliyofuata, yakaona mianya mingine ndani yake. Kwa mianya hiyo hakukuwa na dawa kutoka Apache. Jibu lilikuwa moja, hameni. Mtu akikosa basi lililopata ajali, tunamshukuru Mungu pamoja naye, lakini hatuwezi kuwaambia wasafiri wote wachelewe stendi.

Mishahara ya Desemba ilitoka tarehe 22. Nilimwona yule mama wa ngazi akitoka benki na mfuko wa nguo za watoto. Hakujua chochote, na sikuona sababu ya kumwambia.

Nimeshaondoka katika ofisi ile. Juzi mtoto wa kaka yangu, ambaye sasa ni mrefu kunizidi, alikuja na kompyuta yake. Amejifunza kuandika nyongeza zake za Minecraft. Akafungua kifurushi cha mchezo, akatoa faili moja, akalifungua kwa hesabu ya kumi na sita, akaniita.

"Shangazi, njoo uone mkahawa wako."

CAFEBABE. Sufuri. Kisha 41. Akaweka kidole hapo, akahesabu kwa sauti: nne mara kumi na sita, sitini na nne, jumlisha moja. "Sitini na tano. Java 21." Akanyamaza kidogo, akaandika kwenye karatasi namba ya ile kompyuta ya mishahara kwa hesabu hiyohiyo: 32. Tatu mara kumi na sita, jumlisha mbili. Akaitazama.

"Bado ipo?" akaniuliza.

Nilichukua simu, nikampigia yule kijana wa IT.